Maswali na Majibu: Kufufua Vijia vya Msitu Uliotelekezwa Mjini

Barua za safari hii zimetoka kwa vikundi vya ujirani vinavyotaka kufungua tena vijia vya misitu midogo iliyosalia katikati ya miji, ile ambayo watu walikuwa wakipita kila siku, kisha kichaka kikajifunga, mvua ikachimba na takataka zikafuata. Tumezifupisha, na zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Swali: Kikundi chetu kina watu kumi na wawili, na mwenye msitu ametupa kibali cha maandishi. Vijana wanataka Jumamosi hii tuingie na mapanga. Mimi nasita. Tuanzie wapi? – Katibu wa kikundi

Jibu: Katibu, endelea kusita kidogo. Mapanga yakitangulia mtafungua vijia vyote, hata vile visivyostahili kuwapo. Na mwanga ukishafika chini, magugu yatashangilia. Baada ya misimu miwili ya mvua mtakuwa na kichaka kizito kuliko cha mwanzo.

Ingieni kwanza mara mbili bila zana ya kukatia. Mara ya kwanza iwe siku kavu, mkachore kila kijia kwenye karatasi, hata kile kilichokanyagwa na watoto wakifuata mpira. Mara ya pili iwe mvua ikinyesha, au saa moja tu baada ya kukatika. Siku hiyo mtaona mengi kuliko ziara kumi za jua. Wekeni alama mahali maji yanapoingia kijiani, yanapotokea, yanapotuama, na yanapobeba udongo. Ongezeni miti mikavu, mizizi iliyo wazi, marundo ya takataka, na muhimu zaidi, watu hutoka wapi kwenda wapi.

Kisha kila kijia kipewe hukumu moja kati ya tatu: kibaki, kihamishwe, au kifungwe. Msitu wa mjini ukishaachwa huwa na vijia vingi kuliko vinavyohitajika, na kila mnachokibakiza kitadai matunzo kila mwaka. Tungewashauri mfunge bila huruma. Ulizeni pia kama kuna mabomba au nyaya zilizozikwa, na msikate vichaka wakati ndege wanaatamia.

Kupima mteremko hakuhitaji chombo cha gharama. Chukueni kamba ya m 10, pima maji ndogo ya kuning'iniza katikati ya kamba, na fito mbili zenye alama za sm. Mmoja asimame juu na mwingine chini, kamba ivutwe ikaze hadi kiputo kikae katikati, kisha msome tofauti ya vimo kwenye fito. Kwa kamba ya m 10, kila sm 10 za tofauti ni asilimia 1, na tofauti ya m 1 ni asilimia 10. Pimeni mteremko wa kijia chenyewe, na pia wa kilima kinapotelemkia. Namba hizo mbili mtazihitaji katika jibu linalofuata.

Swali: Kijia chetu kikuu kinapanda kilima moja kwa moja na sasa ni korongo linalofika magotini. Tumelijaza udongo mara mbili, na mara mbili mvua imeubeba wote. Tuweke nini kisichobebwa? – Mwalimu wa mazingira, shule ya jirani

Jibu: Mwalimu, hata mkimwaga mawe, maji yatatafuta njia pembeni mwa mawe. Kijia kinachoshuka sawia na kilima hakina pa kumwagia maji, kwa kuwa kando zake zote mbili ziko sawa nacho au juu kuliko chenyewe. Maji yakishaingia hutokea mwishoni tu, na kila mita yanaongeza kasi na mzigo. Kijia hicho kinatakiwa kuhama.

Kanuni ni hii: mteremko wa kijia usizidi nusu ya mteremko wa kilima kinachopitiwa. Kilima kikiwa na asilimia 30, kijia kisipite 15. Pamoja na hayo, wastani wa kijia kizima usizidi asilimia 10, na kwenye udongo wa kichanga shukeni chini zaidi. Kanuni hii ikifuatwa, kijia hukata kilima kwa ubavu, na maji yanayotoka juu hukivuka na kuendelea na safari yake.

Pigeni vigingi kila m 3 kwenye mkondo mpya, mtembee juu yake mara kadhaa kabla ya kuchimba. Halafu ondoeni majani na udongo mweusi wa juu mpaka mfikie udongo mgumu usio na mboji. Ule mweusi msiutupe, una kazi baadaye. Upana wote wa kukanyagia uchimbwe ndani ya kilima. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchimba nusu na kuipata nusu nyingine kwa kurundika kifusi upande wa chini; kifusi hicho hudidimia, ukingo unavunjika, na watu wanaanza kutembea juu zaidi. Kwa kijia cha m 1 kwenye kilima cha asilimia 30, upande wa juu mtachimba kama sm 25.

Uso wa kijia uinamie nje kwa asilimia 5, yaani ukingo wa chini uwe sm 5 chini ya ukingo wa juu kwa kila mita ya upana. Ukuta wa udongo wa upande wa juu ulazwe kama nyuzi 45, kwani ukisimama wima utaangukia kijiani mvua ya kwanza. Kifusi kirushwe mbali bondeni. Kikibaki kama kituta kwenye ukingo wa nje, hata kituta cha sm 3, kinafungia maji ndani na mmeanza korongo jipya.

Kila m 10 hadi 20, kijia kinachoshuka kiinuke kidogo kwa hatua tatu nne, kisha kiendelee kushuka. Hicho kibonde ndicho kinachokata safari ya maji bila gogo wala saruji. Mkimaliza kipande, mwageni ndoo ya lita 20 upande wa juu. Maji yavuke na kutokea nje ndani ya mita moja au mbili. Yakigeuka na kufuata kijia, rudieni mwinamo siku hiyohiyo, udongo ungali laini.

Korongo la zamani nalo lisiachwe wazi. Jengeni vizuizi vya magogo au mawe ndani yake, kila kimoja kikiingia sm 30 kwenye kingo za kushoto na kulia, katikati kikiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite juu yake na si kando. Nafasi kati yao ipimwe kwa jicho hivi: kilele cha kizuizi cha chini kilingane na kitako cha kile cha juu yake. Nyuma ya kila kizuizi sindilieni matawi, mwage ule udongo mweusi mliouhifadhi, mpande miche ya miti ya msitu huohuo.

Swali: Hatuna nafasi ya kuhamisha kijia. Tulilaza magogo ya kukinga maji, lakini baada ya mwezi maji yakawa yanapita juu yake. – Mjumbe wa kamati ya mtaa

Jibu: Bila shaka magogo yalilazwa msalaba kamili. Maji yakigonga gogo hivyo husimama, yanatua mchanga wake, na mchanga ukifika juu ya gogo kazi imekwisha. Gogo linatakiwa likae mshazari, nyuzi 45 hadi 60, ili maji yateleze bila kusimama. Hata likikaa vizuri, litahitaji kuzolewa mchanga mara kwa mara, na waendesha baiskeli watalikwepa wakipanua kijia.

Pale penye mteremko mdogo tungeling'oa na kukwangua mwinamo badala yake. Chagueni mahali ambapo upande mmoja wa kijia uko chini. Kwangueni nusu duara ya urefu wa m 3 kando ya kijia, katikati yake pakiinamia nje kwa asilimia 15, na mfungue mdomo wa kutolea maji wenye upana wa beleshi mbili au zaidi. Mdomo mwembamba huzibwa na majani ya wiki moja. Penye mteremko mkali, refusheni kibonde hicho hadi m 4 au 5, na udongo mliokwangua muushindilie upande wa chini yake kama mgongo mrefu wa m 3 hadi 5. Mgongo mfupi na mkali hukanyagwa ukaisha.

Swali: Sehemu tambarare ina tope la kudumu. Tulimwaga vipande vya mbao vilivyosagwa, toroli arobaini. Sasa ni uji. – Mama mmoja wa kikundi cha bustani

Jibu: Pole mama, toroli arobaini si mchezo. Vipande vya mbao hunyonya maji, vinaoza, na vikioza vinakuwa mboji, ambayo hushika maji zaidi ya udongo wenyewe. Vinafaa mahali pakavu penye kivuli, unene wa sm 8, na mjue mtaongeza kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Topeni vizoeni vyote. Chochote mtakachojenga juu yake kitazama.

Kama tope hukauka kiangazi, inueni kijia. Chimbeni mitaro miwili ya kina cha sm 30, mmoja kila upande, ikipeleka maji mahali pa chini zaidi. Mtaro usio na pa kumwaga ni bwawa refu tu, kwa hiyo tafuteni mwisho wake kabla ya kuanza. Kati ya mitaro tandazeni kitambaa cha ujenzi, kile kizito kinachopitisha maji na kuzuia udongo, vipande vikipandana sm 30 kwenye maungio. Watu hukiruka kitambaa kwa kubana matumizi. Bila kitambaa tope hupanda na kokoto hushuka, na baada ya misimu michache hamtaona hata moja. Pembeni wekeni magogo au mawe ya kushikilia, kisha jazeni kokoto.

Kokoto zenyewe ziwe za kupondwa, zenye kona, zikiwa zimechanganyika na vumbi lake, kuanzia unga hadi mm 20. Changarawe ya mtoni inapendeza macho lakini ni mviringo. Haishikani, na kutembea juu yake ni kama kutembea juu ya maharage. Jazeni kwa tabaka za sm 5 hadi 7, kila tabaka ilowane kidogo na ishindiliwe kabla ya inayofuata. Kipimo cha unyevu ni konzi: ukifumba mkono ishikane, isitoe maji. Katikati pawe juu ya pembeni kwa sm 5.

Hesabu ya mali ni rahisi. Kijia cha m 20, upana m 1.2, unene sm 15, ni mita za ujazo 3.6. Kushindilia hupunguza ujazo, kwa hiyo ongezeni robo: 4.5. Toroli la lita 60 litakwenda safari 75. Ijueni namba hiyo kabla ya kuita watu, maana lori likimwaga mzigo mbali, kazi nzima ni kusukuma.

Kama maji yamesimama mwaka mzima, msijaze. Hapo panataka daraja la mbao lililoinuliwa, au kuzungukwa kabisa.

Swali: Kila tukifunga njia ya mkato kwa matawi, watu huyasogeza. Tuweke uzio? – Msomaji

Jibu: Uzio kwenye msitu wa mjini hukatwa. Jiulizeni kwanza kwa nini njia hiyo ipo. Mara nyingi kijia rasmi kinazunguka bila sababu inayoonekana, au kina tope, au hakifiki kituoni watu wanakokwenda. Kama njia ya mkato ina akili na mteremko wake unafaa, ifanyeni rasmi, mfunge ile nyingine.

Inayostahili kufungwa, ifichwe isionekane. Mtu hufuata anachokiona mbele. Lainisheni udongo uliokandamizwa kwa sururu, sm 15 hadi 20, maana mbegu haishiki kwenye udongo mgumu kama sakafu. Simikeni matawi makavu wima, yamezikwa kitako, yaonekane kama vichaka; yaliyolazwa chini husogezwa kwa mguu mmoja. Fanyeni hivyo mita kumi za mwanzo katika kila mdomo wa njia, au mpaka inapopotea machoni, na mpande miche nyuma yake. Kona za kijia kinachopanda kwa kujipinda zisionane: zikionana, mtu atakata katikati hata mkimwekea bango.

Swali: Kuna kipande kifupi, urefu wa m 6, kinachopanda m 1.8. Tunataka ngazi. Vipimo vikoje? – Fundi seremala

Jibu: Fundi, ngazi ni suluhisho la mwisho, lakini kwa asilimia 30 kwenye kipande kifupi hivyo tunakubaliana nawe. Tumia kanuni ya msanifu Mfaransa wa karne ya 17, François Blondel: kimo cha ngazi mara mbili, ongeza upana wa kukanyagia, jumla iwe sm 60 hadi 65. Kwako kimo cha sm 12 na upana wa sm 40 vinatoa 64. Ngazi 15 za namna hiyo zinapanda m 1.8 na kula m 6 kamili. Vimo vyote vilingane; ngazi moja iliyozidi kwa sm 2 au 3 ndiyo itakayomwangusha mtu.

Magogo yawe na kipenyo cha sm 15 hadi 20, yamemenywa gome, kwani gome hushika unyevu na huteleza. Anza chini kwenda juu. Kila gogo lizame theluthi moja ardhini, lishikwe na nondo mbili za mm 12, urefu sm 60, zilizopitishwa kwenye matundu na kugongwa mpaka vichwa visawazike na mbao. Nyuma ya gogo shindilia kokoto za kupondwa, uso ukiinamia mbele kidogo. Juu ya ngazi ya mwisho kwangua ule mwinamo wa kutoa maji tulioueleza, la sivyo ngazi zako zitakuwa maporomoko. Pembeni weka mawe makubwa yasiyokanyagika, maana watu huchoka na ngazi wakapita kando.

Swali: Akina mama wanasema msitu unatisha. Tufyeke kiasi gani? Na mizizi iliyojitokeza kijiani tuikate? – Mwenyekiti wa kikundi

Jibu: Mwenyekiti, hofu yao ina sababu, na dawa yake ni kuona mbele. Kijia cha m 1.2 kinatosha watu wawili kupishana. Ongezeni nusu mita kila upande, na juu kuwe wazi m 2.5, kwa kuwa matawi yakilowa huinama. Kwenye kona na kwenye viingilio pekee, shusheni vichaka visipite magoti kwa m 2 hadi 3 kutoka ukingoni. Msifyeke msitu mzima. Kivuli ndicho kinachozuia magugu bila malipo.

Tawi nene likatwe mara tatu: kwanza chini yake, sm 30 kutoka shinani, theluthi ya unene, pili juu, mbele kidogo ya mkato huo, lianguke, mwisho kibutu kikatwe nje tu ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Mkato wa ndani ya uvimbe haufungi kidonda, na kupaka rangi hakusaidii. Miti midogo iliyoota kijiani iachieni shina la m 1, mlitumie kama mtaimbo wa kung'olea mizizi. Kisiki kilichokatwa kwa panga usawa wa kifundo cha mguu ni mkuki.

Mizizi minene kuliko sm 5 msiikate. Mizizi inayonyonya maji na hewa iko zaidi kwenye sm 30 za juu za udongo, hivyo kuifukia kwa kifusi kizito kunaua mti polepole, na mti mfu kando ya kijia ni hatari kubwa kuliko kujikwaa. Ama sogezeni kijia, ama tandazeni kitambaa bila kuchimba na juu yake tabaka nyembamba ya kokoto zisizo na vumbi, hewa ipite.

Swali: Je, kiti cha magurudumu kinaweza kupita msituni? – Msomaji

Jibu: Kwenye kipande mtakachokichagua vizuri, ndiyo. Mwongozo wa Idara ya Misitu ya Marekani kuhusu vijia unakubali mteremko wa 1 kwa 20 kwa urefu wowote, 1 kwa 12 kwa m 60, na 1 kwa 8 kwa m 3 tu, kukiwa na mahali tambarare pa kupumzikia baada ya kila kipande kikali. Upana usipungue sm 91, na palipo pembamba pawe na mahali pa kupishana kila m 300 hivi. Uso uwe wa zile kokoto za kupondwa zilizoshindiliwa. Anzeni na kijia cha karibu na lango, kwa kuwa m 400 zinazopitika zina faida kuliko km 2 zenye jiwe moja la kukwamisha.

Swali: Magari yanaingia usiku kumwaga kifusi. – Kikundi cha usafi

Jibu: Zibeni mdomo kwa mawe makubwa yaliyozikwa theluthi, nafasi kati yake sm 100 hadi 120: kiti cha magurudumu kinapita, gari halipiti. Zoeni rundo siku hiyohiyo mnayoziba, maana rundo huita rundo. Glavu nene, viatu vigumu, na vitu vyenye ncha viokotwe kwa koleo na kutiwa kwenye chombo kigumu, si mfuko. Msichome chochote msituni.

Swali: Tukimaliza, turudi mara ngapi? – Katibu wa kikundi kingine

Jibu: Kabla ya mvua, katikati ya mvua, na baada yake. Kabla ya mvua watu wawili wenye beleshi na reki wazibue kila mdomo wa maji na kukwangua kituta kinachojijenga ukingoni. Kijia cha km 1 ni kazi ya asubuhi moja au mbili. Katikati ya mvua ni kuangalia tu, mkiwa na karatasi. Baada ya mvua ndipo muite kundi kubwa, mgawane wafyekaji, wachimbaji na wabebaji, kila mwenye zana akikaa m 3 kutoka kwa mwenzake. Mkishindwa zote, msiiache ile ya kwanza.